Nyasi za Upande wa Nje

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, Damaris alitandika gunia chini ya mkuyu, akapiga magoti juu yake, akaanza kuchokoa kipara cha ardhi kwa uma wa mezani uliopinda meno. Udongo hapo ulikuwa umeshikana kama sakafu. Kando yake palikuwa na ndoo ya samadi kuukuu iliyochanganywa na mchanga wa ziwani, na beseni la vipande vya nyasi za paspalamu, vimefunikwa kwa kitambaa kibichi visinyauke. Alifanya kazi polepole, kwa sababu daktari wa Homa Bay alikuwa amemwambia kwamba moyo wake umepanuka na haupendi haraka. Kila alipomaliza kulainisha sehemu ya ukubwa wa sinia, aliketi juu ya visigino vyake, akapumua, akautazama uwanja.

Uwanja ulikuwa mpya. Baba yake, Mzee Javan Omondi, afisa wa uvuvi aliyestaafu, aliutengeneza kwa ajili ya wageni ambao wangefika Desemba kutoka upande wa Rongo kuleta mahari ya Emmaculate, binti yake mdogo. Boma lilikuwa nje kidogo ya Magunga. Lilikuwa la marehemu baba yake Javan, na yeye, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, ndiye aliyebaki nalo. Lilikuwa boma finyu, lililozungushiwa ojuok, ile miti ya utomvu mweupe inayostahimili kiangazi. Javan alisema mahema hayatatosha. Aling'oa ojuok zote, akasogeza mpaka hadi karibu na njia ya ng'ombe, akasimamisha nguzo mpya na seng'enge, na kila palipokuwa na udongo akapanda nyasi.

Nyasi zilishika kila mahali isipokuwa chini ya mkuyu, mti ambao zamani ulikuwa nje ya ojuok na sasa ulikuwa ndani ya seng'enge. Hapo palibaki kipara kirefu, chenye upana wa mkeka uliokunjwa mara moja, kimepinda katikati. Mizizi ya mkuyu ilikizunguka, imeinuka juu ya ardhi, mingine minene kama paja.

"Hii mizizi itaangusha mtu," Mzee Javan alisema. Alikuwa amesimama nyuma ya binti yake, redio ndogo mfukoni na shoka begani. "Baba ya kijana ana mguu mbaya. Akianguka hapa, ng'ombe watageuzwa njiani warudi Rongo."

"Ukikata huo mkubwa, Baba, mti utakufa. Halafu utaangukia hema."

"Basi nikate mdogo."

Alikata mdogo. Pale ulipokatwa ulitoka utomvu, kama ilivyo kawaida ya mkuyu, na pamoja na utomvu ikatoka sauti ya cherehani, ile ya kukanyaga kwa miguu, inapoanza kushona pindo. Haikuwa kubwa. Ilishona kwa muda, ikafika mwisho wa pindo, ikanyamaza. Javan aliweka shoka chini.

"Usikate tena," Damaris alisema. "Tuifunike kwa udongo, vidole viwili tu, halafu tupande juu yake. Udongo ukizidi hapo itakosa hewa."

"Vidole viwili," Javan alisema, akaenda kusikiliza habari.

Damaris alimwaga samadi, akaichanganya na udongo aliolainisha, akapanda vipande vya paspalamu kwa mistari, akavishindilia kwa kiganja na kumwagilia maji kwa kopo lililotobolewa. Kisha akaingia ndani kula.

Alipotoka, kipara kilikuwa kimesogea. Kilikuwa hatua moja karibu zaidi na nyumba, umbo lile lile, kimepinda pale pale. Mahali alipopanda asubuhi nyasi zilikuwa zimefunga kabisa, nene, za kijani kilichokolea, na mizizi ya hapo ilikuwa imezama chini kana kwamba mtu ameifunika kwa blanketi. Mizizi mingine ilikuwa imeinuka kukizunguka kipara mahali pake papya. Damaris alihamisha gunia, uma, ndoo na beseni, akaanza upya, kwa sababu samadi ilikuwa bado ipo.

Mambo yaliendelea hivyo kwa siku kadhaa. Damaris alipanda, kipara kikaenda, na kila kilipotoka palibaki nyasi ambazo hata uwanja wa nyumbani kwa mheshimiwa haukuwa nazo. Wanawake wa kanisa walisikia, wakaja na mifuko kuomba vipande. Walivipeleka kwao, vikashika, lakini vikawa nyasi za kawaida.

Aliyemtambua ni Zilpah, mama yake Damaris. Alitoka jikoni na ungo wa omena, dagaa wa ziwani, aliokuwa akiwachambua, akasimama juu ya kipara, akaendelea kuchambua huku akikitazama.

"Si huyu ni Jedidah," alisema.

"Nani?" Damaris aliuliza.

"Shangazi yako. Analala hivyo. Upande wa kulia, goti moja juu. Nilipoolewa, baba yako alikuwa kazini kisiwani Takawiri, nikalala na Jedidah kitanda kimoja mwezi mzima. Hilo goti lilikuwa linanisukuma ukutani usiku kucha." Alitupa kichwa cha omena kwa kuku. Kuku alizunguka kipara kukifuata, hakukanyaga katikati. "Amekonda kidogo."

Jedidah alikuwa dada mkubwa wa Javan. Alimbeba Javan mgongoni alipokuwa mtoto, akamshonea kaptura zake za shule, na baadaye akawashonea watu wote wa Magunga kwa cherehani aliyoiweka barazani. Hakuolewa. Alikufa kwa homa ya ghafla, Damaris akiwa bado mtoto wa kubebwa. Kwa desturi ya hapa, binti aliyekomaa akifa kwa baba yake hazikwi ndani ya boma, kwa sababu boma halikuwa lake. Lake lilikuwa liwe kwingine. Kwa hiyo wazee walikata pengo katika ojuok upande wa nyuma, wakampitisha hapo, wakamzika nje kwenye vichaka. Ziwa lilichafuka siku zile na Javan alifika kutoka Takawiri watu wakiwa wameshatawanyika. Akaonyeshwa kwa kidole, kule, nje. Kaburi halikujengewa. Mtu mmoja alichomeka kijiti cha mkuyu hapo ili afunge mbuzi, mbuzi akachinjwa, kijiti kikachipua.

Jioni hiyo Javan alielezwa. Alizima redio.

"Nilipitisha fensi nje yake," alisema.

"Ulimpitia," Zilpah alisema. "Mimi nilikuwa na Damaris hospitalini Homa Bay. Nikarudi nikakuta mkuyu uko ndani."

"Na hukuniambia."

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Nilifurahi kidogo," Zilpah alisema, akaenda kutoa ugali motoni.

Damaris alikuwa ameketi mlangoni na vidonge vyake mkononi. Yeye pia hakuwa ameolewa. Alifundisha watoto wa chekechea mpaka pumzi ikamwishia mbele ya ubao, akarudi nyumbani. Wanaume wawili walikuwa wamewahi kuja kumposa. Mmoja alikwenda Qatar kutafuta mahari na akabaki Qatar, mwingine alioa mwalimu mwenzake. Aliporuhusiwa kutoka hospitalini, wakiwa bado kwenye benchi la nje wakisubiri gari, alikuwa amemuuliza mama yake ni wapi watamweka. Zilpah alimwambia amuulize baba yake. Alipomuuliza, Javan alimwambia, "Wewe pona kwanza." Tangu hapo hakuuliza tena. Sasa alikitazama kipara, kilichokuwa kimefika katikati ya uwanja, akameza vidonge kimoja kimoja.

Kila mtu katika boma lile alijua kwamba atakavyofanyiwa Jedidah ndivyo atakavyofanyiwa Damaris.

Javan alimwita Clifford, binamu yake, aliyekuwa mzee wa ukoo kwa sababu wakubwa zake wote walikuwa wamekufa. Clifford alifika na pikipiki, akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kipara, akavua kofia.

"Misawa, nyamera," alikisalimu kipara kwa Kijaluo, akikiita dada. Kisha kwa Javan: "Ametembea sana."

"Anatembea mchana," Javan alisema. "Tukiwa tunakula, au tukisinzia."

"Alikuwa na haya tangu zamani." Clifford alipokea chai, akaipuliza. "Hatubishani naye. Mtu akitaka kutembea atembee. Lakini ndani ya boma msichana wa nyumbani halali. Hilo si langu wala lako."

"Na sasa amelala," Zilpah alisema. Alikuwa amesimama na birika.

"Amelala kwa sababu Javan alimruka na fensi. Hakuingia, aliingizwa. Javan, hivi mtu husahau dada yake?"

"Nilisahau mahali," Javan alisema. "Yeye sikumsahau."

"Kilichofanywa na fensi kitatengenezwa na fensi," Clifford alisema. "Mkirudisha seng'enge, iwe upande huu wake, basi hakuna aliyevunja kitu. Yeye yuko nje, nyinyi mko ndani, na harusi iko palepale."

"Na akisogea?" Damaris aliuliza.

Clifford alimtazama, akavitazama na vidonge vilivyokuwa kwenye kisahani chake, akarudisha macho kwenye chai.

"Akisogea, fensi isogee," alisema. "Ziko nguzo. Yuko fundi."

Fundi alikuwa Matiko, Mkuria wa Kehancha, mtu mwenye mikono mirefu aliyechimba dhahabu Macalder mpaka shimo likambomokea, akahamia kuchimba mashimo ya nguzo kwa kuwa hayo humfika mtu magotini tu. Yeye ndiye aliyesimamisha seng'enge ya kwanza. Aliambiwa aing'oe na aipitishe mahali papya, na sababu akaelezwa. Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akauliza kama chakula cha mchana ni pamoja.

Wiki iliyofuata alihamisha uzio mara ya kwanza, kisha mara nyingine, kisha ikawa kazi yake. Asubuhi Jedidah alikuwa nje. Watu walikula, wakapumzika, na wakirudi, Jedidah alikuwa ndani, amelala upande wa kulia, mizizi imemzunguka, na seng'enge ikiwa imepita juu yake bila kuguswa. Matiko alitema mate viganjani, akaanza.

"Mzee, hii fensi yako inatembea kuliko mimi," alimwambia Javan. "Macalder nilichimba miaka. Sijawahi kuchimba shimo nikalifukia, nikachimba lingine hapo hapo kando kama mtu anatafuta sindano."

"Chimba," Javan alisema. Alishika nguzo ili isimame wima.

"Nachimba. Lakini nyinyi Wajaluo mna wafu wasumbufu. Kwetu mtu akishalala amelala."

"Na kwenu binti akifa kwa baba yake," Damaris alimuuliza, "mnamweka wapi?"

Matiko aliegemea sururu.

"Kwetu, dada yangu," alisema, "hapo pia wazee hukaa sana kabla ya kusema." Akaendelea kuchimba.

Damaris aliacha kupanda kipara chenyewe. Badala yake alitengeneza kule kulikoumizwa na nguzo, kwa maana kila shimo la Matiko liliacha donda la udongo mwekundu, na donda hilo halikuponywa na Jedidah bali lilihitaji samadi, mchanga, vipande vya paspalamu na maji asubuhi na jioni. Alitandaza nyasi kavu juu ya vipando ili jua lisivichome. Mizizi iliyoinuka aliifunika vidole viwili, na shina la mkuyu aliliachia duara la majani makavu, kwa kuwa hapo nyasi hazitaki na hakuna haja ya kuzilazimisha. Kazi hiyo aliifanya upande wa nje wa uzio, kwa sababu huko ndiko uwanja ulikokuwa sasa.

Alasiri za Novemba huko Magunga ni ndefu. Upepo hutoka upande wa Ruma na harufu ya majani yaliyoungua, mawingu hukaa juu ya milima ya Gwassi bila kuamua, na watu husinzia kwenye viti mikono ikiwa imening'inia. Alasiri moja kama hiyo Damaris alihisi moyo wake unakwenda mbio kidogo, akaona bora alale. Alilala kwenye nyasi, kando ya shangazi yake, kwa namna ile ile, upande wa kulia, goti moja juu. Udongo ulikuwa na joto la kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi. Cherehani ilikuwa ikishona chini, mbali, pindo refu lisilo na kona. Mvua ndogo ilipita, ikalowesha uwanja wote na gauni lake upande wa mgongo, lakini kipara kilibaki kikavu, na Damaris upande uliokigusa akabaki mkavu.

"Unaenda wapi, Shangazi?" aliuliza, akiwa amefumba macho.

Cherehani ilisimama. Alipofumbua macho, upande wa juu wa kipara, pale penye kichwa, ulikuwa umegeuka. Ulikuwa umeelekea upande wa kushoto wa nyumba. Hapo, chini ya sakafu ya vigae vya bluu, alikuwa amezikwa nyanya yake Damaris, mama yao Jedidah na Javan, mahali wanapolazwa wake wa boma.

"Ah," Damaris alisema. "Kwa mama yako."

Aliinuka, akakung'uta magoti, akaenda kuwaambia. Zilpah alisema alijua. Javan alisema njia hiyo inapita karibu sana na nyumba. Akampigia simu Matiko.

Wageni kutoka Rongo walifika siku yao wakiwa wamevaa vizuri, na ng'ombe wakafika na lori. Boma lilikuwa finyu kuliko lilivyokuwa wakati wa ojuok. Hema moja tu ndilo lililoingia, na lingine lilikunjwa likarudishwa kwenye gari. Wakwe hupokewa ndani ya boma, kwa hiyo walikalishwa ndani ya boma, magoti ya mmoja yakigusa mgongo wa mwingine, sahani zikipitishwa juu ya vichwa. Baba wa kijana, yule mwenye mguu mbaya, alipewa kiti cha mbele. Mguu wake ulikaa upande wa pili wa seng'enge, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuunyoosha.

"Omondi," alimwambia Javan, akitazama nje. "Nyasi kama zile nimeziona kwenye televisheni peke yake."

"Asante."

"Sasa mbona hukutuweka pale?"

"Pale ni nje," Javan alisema.

Mkwe aliitikia kwa kichwa. Yeye pia alikuwa na boma.

"Na huyu aliyelala?" aliuliza, kwa sababu kipara kilikuwa chini ya mguu wake ule.

"Ni dada yangu."

"Samahani," mkwe alisema. Alijaribu kurudisha mguu, ukakataa kukunjika, akauinua kwa mikono miwili na kuuweka juu ya mapaja ya jirani yake.

Emmaculate alipokuwa akipita kuwasalimu wageni, gauni lake lilishikwa na mwiba wa seng'enge, pindo likachanika hadi gotini. Alikanyaga seng'enge ya chini, akapita nje, akachuchumaa kwenye kipara kana kwamba anafunga kiatu. Aliposimama pindo lilikuwa limeshonwa, kwa mishono midogo ya zamani, na uzi wake ulikuwa wa rangi tofauti kidogo. Zilpah aliuona uzi huo. Alikuwa nacho kipande kama hicho kwenye mto wake wa sindano.

Baada ya chakula Clifford alisimama kuzungumza kwa niaba ya ukoo. Aliwashukuru wakwe, akamsifu mbuzi. Kisha akamwonyesha Emmaculate kwa mkono.

"Huyu sasa amepata kwao," alisema. "Akiwa hai ana kwao, na siku Mungu akimwita ana kwao. Mzazi wa msichana hupumzika hapo tu."

Watu walipiga makofi. Damaris alikuwa akigawa soda. Alifungua aliyokuwa nayo mkononi, akampa mgeni aliyefuata, akafungua nyingine.

Emmaculate aliondoka na Krismasi ikapita. Mwezi wa Januari Jedidah alifika kwenye pembe ya nyumba. Hapo palikuwa na chumba kilichounganishwa baadaye kwenye ukuta wa kushoto, ambacho zamani kilikuwa stoo ya nyavu na sasa kilikuwa chumba cha Damaris, mlango wake ukitazama uwanja. Hatua chache mbele ya mlango huo ndipo palipokuwa na vigae vya bluu vya nyanya. Jedidah alilala kati ya mlango na vigae. Upande wa mkono wake ulikuwa umenyooka, mwembamba, na ncha yake ilikuwa imebakiza kidogo kufika kwenye vigae, kama upana wa kiganja.

Damaris alimwona asubuhi alipofungua mlango; safari hiyo alikuwa ametembea usiku. Hakuita mtu. Alikaa kwenye kizingiti akaunywesha uso wake jua, na kwa muda ule, mpaka chai ilipokuwa tayari, mabinti wawili wa boma lile walikuwa ndani yake pamoja na mama wa mmoja wao.

Kisha Javan akatoka, akaona, akampigia Clifford. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Matiko alifika kabla ya umande kukauka. Alipima kwa macho, akapiga mluzi.

"Mzee, hapa ni padogo. Kaburi la mama libaki ndani?"

"Libaki ndani."

"Na huyu abaki nje."

"Abaki nje."

"Basi fensi itapita hapa katikati, kwenye hiki kiganja, halafu itaenda kugonga ukuta." Alinyoosha mkono kuonyesha. Mkono wake ulifika kwenye pembe ambapo chumba cha Damaris kilikutana na nyumba. "Nitaifunga kwa misumari hapa. Itashika. Lakini chumba cha dada kitakuwa upande ule."

Matiko alingoja, kwa kuwa analipwa kwa siku. Zilpah alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na ungo mtupu.

"Dada," Matiko alimwambia Damaris, "mlango wako utafungukia wapi?"

"Umeona mwenyewe," Damaris alisema. "Utafungukia nje."

"Ni fensi tu, nyathina, mwanangu," Javan alisema. Aliongea kwa sauti ya chini, na macho yake yalikuwa kwenye vigae. "Ndani mnapitana na mama yako kama kawaida. Chakula ni kimoja. Ni fensi tu."

"Itapita wapi, Baba?"

"Itapita hapo anapopasema."

"Basi nimepata jibu la lile swali langu la hospitalini."

Javan alitoa kitambaa, akapangusa shingo. Aliinama akaokota nguzo ya kwanza, akaisimamisha kwenye ncha ya kile kiganja cha ardhi, kati ya mkono wa dada yake na kaburi la mama yake. Alifumba macho akaishikilia mpaka Matiko akamaliza kushindilia udongo. Nguzo ilisimama wima kabisa. Machozi yalimshuka mashavuni kwa muda wote huo, na alipoulizwa na Matiko kama amepatwa na vumbi alisema ndiyo.

Mlango wa ndani uliokiunganisha chumba cha Damaris na nyumba ulikuwa tatizo dogo, kwa sababu uzio hauwezi kusemwa kwamba umezunguka boma kama mtu anaweza kupita nyuma yake kwa sebuleni. Clifford alikumbusha jambo hilo kwa simu. Walisogeza kabati la vyombo, likauziba vizuri.

Jedidah hakusogea tena. Siku zilipita na Matiko hakuitwa. Alirudi Kehancha, akaacha sururu yake kwa Javan kwa kuwa aliamini ataihitaji, lakini haikuhitajika. Ama Jedidah alikuwa amechoka, ama alikuwa amefika kule alikoweza kufika. Kuku walizoea. Alasiri, upepo wa Ruma ukivuma, cherehani ilisikika chini ya kizingiti cha Damaris, na yeye akawa anasinzia kwa sauti hiyo kuliko kwa vidonge. Watu waliopita njia ya ng'ombe walisimama kutazama uwanja wote ule wa kijani, uliotanda kutoka njiani, ukapita chini ya mkuyu ambao mizizi yake ilikuwa imelala yote, ukafika hadi kwenye mlango wa chumba kimoja. Walisema hakuna boma lenye nyasi nzuri kama za Omondi, ingawa nyasi zote zilikuwa nje ya boma lake.

Palibaki madonda ya nguzo kwenye mstari wa mwisho. Damaris aliyatengeneza moja baada ya jingine kwa uma wake, akiwa ameketi kwenye kigoda sasa, kwa sababu magoti yalianza kumvimba. Alilainisha udongo, akamwaga samadi, akapanda, akashindilia kwa kiganja, akamwagilia. Vyote vilishika.

Kila asubuhi Mzee Javan alimletea chai. Aliileta mwenyewe, kwenye kikombe kilichofunikwa kwa kisahani, akampitishia juu ya seng'enge kwa uangalifu asimwage.

"Umemeza dawa?" aliuliza.

"Nimemeza."

"Na usingizi?"

"Nililala. Shangazi alikuwa anashona."

"Alikuwa na kazi nyingi sikuzote," Javan alisema. Aliangalia uwanja kwa kuridhika kwa mtu aliyeanza jambo na likakamilika. Kisha aliona kitu. Kati ya Jedidah na kizingiti cha Damaris palikuwa na kipande cha ardhi kisicho na nyasi, kimelainishwa vizuri, samadi imeshachanganywa. Kilikuwa kirefu, chenye upana wa mkeka uliokunjwa mara moja.

"Hapo je? Mbona hujapanda?"

"Hapo nimepaacha, Baba."

Javan alikitazama kipande hicho kwa muda. Chai ilikuwa ikitoa mvuke mkononi mwa binti yake. Kisha akanyoosha kidole, akaijaribu seng'enge, akaona imekazwa vizuri, akarudi ndani kusikiliza habari.